Navi ya gari, simu au Garmin: kipi kinastahili pesa zako Uganda

Ukiwa bondi, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa, na muuzaji akakuonyesha gari mbili za mwaka mmoja, moja "ina navi" (skrini ya ramani inayokuongoza njia) na nyingine ina redio ya kawaida, usiongeze hata shilingi mia kwa ajili ya hiyo navi. Bora pesa hizo ziende kwenye tairi. Simu iliyo mfukoni mwako, ikiwa na ramani zilizopakuliwa, chaja yenye nguvu na holda isiyotikisika, itakufikisha Kisoro au Kitgum kwa uhakika kuliko skrini iliyofungwa kiwandani Japani.

Si kwamba navi za kiwandani ni vifaa vibovu. Kwa utengenezaji, nyingi zinaishinda simu: antena iko mahali inapoona anga, kifaa hakichomwi na jua, na kimeunganishwa na waya wa spidi pamoja na jairo (kihisi kinachojua gari limekata kona), kwa hiyo gari likiingia kwenye handaki kinaendelea kuhesabu lilipo bila setilaiti. Lakini sisi hatuna mahandaki marefu ya kupitisha magari. Tulicho nacho ni madaraja yanayofungwa, barabara zinazohamishwa na nyumba zisizo na namba. Hapo kinachofanya kazi ni ramani. Skrini unainunua mara moja, ramani inazeeka kila mwezi.

Jambo dogo kabla ya kuendelea: Kampala ukimwambia fundi unataka "GPS", huenda akadhani unataka traka, kile kifaa kinachofichwa ndani ya gari ili ujue liliko likiibwa. Hicho hakikuonyeshi njia. Sema navi, au sema unataka ramani kwenye skrini.

Jaribio la daraja la Jinja

Kabla hujasifia ukubwa wa skrini, mwambie muuzaji awashe kifaa, kisha sogeza ramani hadi Jinja. Daraja jipya la Nile lilifunguliwa Oktoba 2018. Kama ramani hailijui, na barabara pekee ya kuvuka inayoonyesha ni ile ya juu ya bwawa la Owen Falls la mwaka 1954, basi ramani hiyo ilichorwa kabla ya hapo, hata kama kifaa bado kiko kwenye boksi lenye nailoni. Ukivuka daraja na ramani hiyo utaona mshale wa gari lako ukielea juu ya maji huku sauti ikikuamuru ugeuke.

Jaribio la pili ni Entebbe. Barabara ya kasi kati ya Kampala na Entebbe ilifunguliwa 2018, na tozo ikaanza Januari 2022, shilingi 5,000 kwa gari dogo. Ramani nzuri inaijua barabara hiyo na inajua pia kwamba ni ya kulipia: ukiwasha chaguo la kuepuka tozo, njia irudi yenyewe kwenye barabara ya zamani ya Kajjansi. Ikikung'ang'aniza barabara ya kasi, data yake ni ya kabla ya 2022 au haijakamilika.

Jaribio la tatu halifanyiki dukani, ila linaeleza kwa nini mawili ya kwanza yana maana. Mei 2023 mafuriko yaliharibu daraja la Katonga kwenye barabara ya Masaka, na magari yakazungushwa kupitia Mpigi, Kanoni, Sembabule na Villa Maria. Mwaka 2024 daraja la Karuma likafungwa kwa matengenezo, na magari madogo ya kwenda West Nile yakaelekezwa Masindi, Paraa hadi Pakwach. Habari za namna hii zinaingia kwenye ramani za simu kwa sababu kuna watu wanaziripoti na kuzihariri. Kadi ya SD iliyojazwa kiwandani haina mlango wa kuziingizia.

Nafasi ya kwanza: simu uliyonayo

Hii ndiyo inayofaa kwa madereva wengi, na gharama yake ni holda na chaja tu. Tatizo ni kwamba watu hununua hivyo viwili kwa kubahatisha pale kwenye taa za barabarani, kisha wanailaumu simu.

Anza na ramani zenyewe. Weka programu mbili. Google Maps ni ya mjini: inajua foleni, inajua majina ya maduka, zahanati na vituo vya mafuta. Ya pili iwe Organic Maps au OsmAnd, zinazotumia OpenStreetMap, ramani za bure zinazochorwa na watu wa kujitolea, na kufanya kazi bila data kabisa. Huko Karamoja, au kwenye vijia vya kuelekea Bwindi, mara nyingi OpenStreetMap ina njia za murramu ambazo Google haijazichora.

Kwenye Google Maps, gusa picha ya akaunti yako, ingia sehemu ya ramani za nje ya mtandao, kisha chagua eneo kwa kuvuta kile kisanduku. Uganda nzima haiingii kwenye kisanduku kimoja, kwa hiyo ichukue vipande vipande: Kampala hadi Mbale na Malaba, Kampala hadi Kabale na Kasese, kisha kaskazini yote hadi Arua na Kidepo. Acha vipande vipandane kidogo kingoni. Fanya kazi hii kwenye Wi-Fi. Ramani hizo zina mwisho wa matumizi, kwa kawaida mwaka mmoja, na hujisasisha zenyewe simu ikipata Wi-Fi. Simu ambayo haigusi Wi-Fi inaweza kukufutia ramani siku unayoihitaji. Elewa pia kwamba ukiwa nje ya mtandao Google haikuonyeshi foleni wala njia mbadala, na majina mengi ya biashara hayatafutiki. Waze, kwa upande wake, inahitaji data ili kutafuta mahali na kupanga njia. Ni programu ya mjini tu.

Anayeona ramani za nje ya mtandao ni mambo ya watalii akumbuke Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Setilaiti hazikuzimwa. Waliokuwa na ramani ndani ya simu waliendelea kuongozwa kama kawaida.

GPS yenyewe hailipiwi na haihitaji bando. Chipu ndani ya simu inasikiliza setilaiti tu, haitumi kitu. Data inatumika kuteremsha ramani na foleni, na pia kuisaidia simu ijue haraka setilaiti ziko wapi. Ndiyo maana simu iliyozimwa muda mrefu na kuwashwa porini bila mtandao inaweza kukaa dakika kadhaa bila kukupata: orodha kamili ya setilaiti, ikipokewa kutoka angani peke yake, inachukua dakika 12 na nusu. Dawa yake ni kufungua ramani ukiwa bado nyumbani kwenye mtandao, usubiri nukta ya buluu itulie, ndipo uondoke. Kioo cha mbele chenye tinti ya chuma nacho hupunguza mawimbi, kwa hiyo simu ikionekana kupotea mara kwa mara, itoe nje ya gari ulinganishe.

Simu zote si sawa. Nyingi za bei ya chini hazina dira ya sumaku, na utazijua kwa sababu gari likisimama kwenye makutano mshale unazunguka ovyo na kuonyesha upande usio wako. Ukianza kutembea unajirekebisha, lakini kwenye raundi abauti yenye mikono mitano hujui utoke wapi. Programu ya GPSTest kwenye Android, ambayo ni ya bure, itakuonyesha simu inaona setilaiti ngapi. Simu yenye RAM ya GB 2 nayo itafunga ramani yenyewe mara tu WhatsApp ikipiga kelele. Ukiwa na simu hiyo, funga kila kitu kingine kabla ya safari.

Sasa chaja, mahali watu wanapoanguka zaidi. Ramani ikiwa wazi, skrini ikiwa na mwanga wa juu na data ikiwa hewani, simu inakula umeme kuliko chaja ya ampea 1 inavyoweza kurudisha. Unaondoka Kampala na asilimia 80, unafika Mbarara na 15 huku waya umechomekwa njia nzima. Soma maandishi kwenye chaja: tafuta angalau volti 5 kwa ampea 2.4, au wati 18 na kuendelea. Waya uwe mfupi na mnene. Ukichomeka chaja na redio ikaanza kukoroma, hiyo ni chaja mbovu inayomwaga kelele kwenye masafa ya FM, irudishe.

Wenye malori wasome mstari huu mara mbili: umeme wa lori ni volti 24. Chaja iliyoandikwa volti 12 peke yake itaungua, na inaweza kuondoka na simu. Nunua iliyoandikwa 12–24V. Na kama soketi ya kiberiti cha gari haina umeme kabisa, usikimbilie kuing'oa. Fungua kwanza boksi la fyuzi, utafute iliyoandikwa CIG au ACC, mara nyingi ni ya ampea 15. Sarafu iliyoangukia ndani ya soketi inatosha kuikata.

Holda za kunyonya kioo zina kasoro mbili. Ya kwanza ni joto: simu iliyo juu ya dashibodi saa saba mchana inapunguza mwanga wa skrini, inaacha kuchaji, kisha inazima. Holda ya kubana kwenye tundu la AC inaipoza simu na kuiepusha na jua. Kasoro ya pili ni jamu. Simu inayong'aa karibu na dirisha lililo wazi pale Clock Tower, Kampala, ni mwaliko kwa wanyakuzi, kwa hiyo ifunge upande wa katikati ya gari, usiifunge upande wa mlango. Kuishika mkononi ukiendesha ni kosa la barabarani, na askari wanalijua kosa hilo vizuri.

Pini, nukta na mstari wa ikweta

Hapa ndipo safari nyingi zinaharibika, kwa kifaa chochote. Uganda hatuelekezani kwa namba za nyumba, tunatumiana pini kwa WhatsApp. Ikifunguka moja kwa moja kwenye ramani, hakuna shida. Shida inaanza mtu akikutumia namba ukaziandika mwenyewe.

Ikweta inaikata nchi yetu. Kwenye barabara ya Masaka unaivuka Kayabwe. Kampala iko takriban nyuzi 0.31 kaskazini. Masaka iko takriban nyuzi 0.33 kusini, na kwenye ramani za simu kusini huandikwa kwa alama ya kutoa: -0.33. Ukiisahau ile alama, kifaa hakitalalamika, maana 0.33 ni mahali halali. Kitakupeleka karibu kilomita 75 kaskazini mwa Masaka, huko kati ya Mityana na Mubende. Mbarara, Kabale na Kisoro zote ziko kusini, kwa hiyo kosa ni lilelile, tena kubwa zaidi kadiri unavyokwenda mbali na ikweta.

Kosa la pili ni la dakika. Garmin, kile kifaa cha kubebeka cha kuonyesha njia, kwa kawaida huja ikiwa imepangwa kupokea nyuzi na dakika, wakati simu hutoa nyuzi na desimali. Katikati ya Kampala ni 0.3136, 32.5811 kwa desimali, ambayo kwa nyuzi na dakika ni 0° 18.816' na 32° 34.866'. Mtu akiichukua 0.3136 akaandika 0° 31.36', na 32.5811 akaandika 32° 58.11', atakuwa ameelekeza gari karibu kilomita 50 kaskazini-mashariki, upande wa msitu wa Mabira. Ingia kwenye mipangilio ya kifaa, badilisha muundo wa namba uwe wa desimali, na uuache hivyo.

Njia nyepesi kuliko zote ni msimbo wa Plus Codes ambao Google Maps huuonyesha ukigandamiza mahali kwenye ramani. Hauna alama ya kutoa, kwa hiyo hakuna cha kusahau. Katikati ya Kampala misimbo kamili huanza na 6GGJ, Masaka 6GFH. Ile herufi ya tatu kutoka G kwenda F ndiyo ikweta yenyewe. Ukiona mwenyeji wako wa Masaka amekutumia msimbo unaoanza na 6GG, mpigie simu kabla ya kuwasha gari.

Nafasi ya pili: kubadilisha redio

Kwa dereva wa special hire (teksi ya kukodi), wa kusambaza mizigo, au yeyote anayekaa barabarani kutwa, redio mpya yenye skrini ni pesa iliyotumika vizuri. Kuna aina mbili, na wauzaji wengi huzichanganya kwa makusudi.

Aina ya kwanza haina ramani yake. Unachomeka simu, na Android Auto au CarPlay ya simu inajitokeza kwenye skrini kubwa. Pioneer, Kenwood na Sony wanatengeneza hizi. Aina ya pili ni zile skrini za Kichina za inchi 9 au 10 zenye Android ndani yake, zinazojaa maduka ya soko la Kisekka, Kampala, na kandokando yake. Hizi zinaweka ramani ndani, zina tundu la antena ya GPS, na baadhi zina nafasi ya laini.

Aina ya kwanza ni bora. Akili inabaki kwenye simu, na simu unaibadilisha kila baada ya miaka michache. Redio yenye RAM ya GB 2 leo itakuwa mzigo miaka mitatu ijayo, na huwezi kuiongezea. Bei ndiyo inayowapeleka watu kwa aina ya pili, na si vibaya, mradi ukague. Skrini ya Mchina inaweza kuandika GB 4 kwenye mipangilio yake huku ndani kuna 2, maana maandishi hayo yanabadilishwa kirahisi. Fungua ramani, fungua muziki, rudi kwenye ramani: ikianza upya kila mara, RAM ni ndogo kuliko ilivyoandikwa. Kabla ya kulipia yoyote kati ya hizo mbili, chomeka simu yako mwenyewe palepale dukani na uone ramani ikitokea. Simu ya muuzaji si ushahidi.

Pima nafasi. Redio ya kawaida ya tundu kubwa ina upana wa milimita 178 kwa kimo cha 100. Toyota nyingi za Japani zina tundu la milimita 200, kwa hiyo ukinunua ya 178 utabaki na mianya pembeni isipokuwa upate vijazio vyake. Skrini za inchi 9 na 10 zinahitaji fremu ya gari lako hasa: fremu ya Wish haiingii Noah. Taja modeli na mwaka, na usikubali fundi akate dashibodi kwa kisu.

Kuhusu waya, dai soketi ya kugeuza, ile inayochomekwa kwenye plagi za gari bila kukata kitu. Toyota za Japani hutumia plagi mbili, ya pini 10 na ya pini 6, na soketi zake zimejaa madukani kwa bei ndogo. Fundi anayefika na koleo la kukatia na selotepu atakuachia matatizo haya mawili, na unaweza kuyatambua mwenyewe. Waya wa manjano ni umeme wa kudumu kutoka betri, unaotunza kumbukumbu. Mwekundu ni umeme unaokuja ukizungusha ufunguo. Mweusi ni nguzo hasi, unafungwa kwenye bodi. Fundi akiunganisha wa manjano na mwekundu pamoja kwenye ufunguo, redio itasahau saa, stesheni na mipangilio kila ukizima gari. Akiunganisha zote mbili kwenye betri, redio haitalala usiku, na Jumatatu asubuhi utaomba watu wakusukume. Maliza ubishi hapo hapo: zima gari, toa ufunguo, subiri dakika mbili, washa tena. Skrini inapaswa kuzima yenyewe ukitoa ufunguo, na stesheni zako ziwepo ukiwasha tena.

Antena ya GPS ni kile kiboksi kidogo chenye sumaku chini. Kiwekwe juu ya dashibodi karibu na kioo, uso juu, na waya wake ukazwe nyuma ya redio. Kikiachwa chini ya chuma cha dashibodi kwa sababu "kinaonekana vibaya", mshale utakuwa unaruka kutoka Jinja Road hadi barabara ya Yusuf Lule. Mwisho, nenda kwenye mipangilio ya redio na uchague eneo la Ulaya. Ikibaki Marekani, FM inaruka kwa hatua za 0.2 kwenye namba witiri peke yake, na stesheni ya CBS ya 88.8 hutaipata kamwe.

Nafasi ya tatu: Garmin na wenzake

Kifaa cha kubebeka bado kina kazi yake, ila ni ya watu wachache. Kampuni za safari, magari ya mashirika yanayokwenda Kaabong na Moroto, na dereva ambaye simu yake ni ya kazi na haiwezi kufungwa kwenye holda: hawa wanunue. Kimetengenezwa kuvumilia joto la dashibodi, kinaanza mara moja, na hakikatizwi na simu inayoita.

Bei ndiyo inayokishusha. Kipya kinaanzia zaidi ya dola 100 huko kinakouzwa, kabla ya usafiri na kodi, na ramani kinachokuja nayo huenda ni ya Ulaya au Marekani. Kifaa kilicholetwa kama zawadi kutoka London kinajua kila kichochoro cha Croydon, na Uganda kwake ni kiwanja kitupu. Kuna njia mbili za kukitibu. Moja ni kununua ramani ya Tracks4Africa, ya Afrika Kusini, iliyojengwa na wasafiri wa porini. Ina kambi, mageti ya hifadhi na hali ya barabara. Nyingine ni kupakua bure ramani ya OpenStreetMap iliyogeuzwa muundo wa Garmin, kuiweka kwenye kadi ndogo ya SD ndani ya folda inayoitwa Garmin, kisha kuzima ramani ya zamani kwenye mipangilio ili zisigombane. Kabla ya kununua kilichotumika, hakikisha kina tundu la kadi. Visivyo nalo mara nyingi vina kumbukumbu iliyojaa ramani ya Ulaya.

Kuhusu TomTom, ramani zake huwezi kuziwekea za bure kirahisi hivyo. Kwa Uganda, iruke.

Tahadhari moja kwa vifaa vya zamani vya aina yoyote: namba ya wiki kwenye mawimbi ya GPS hufika 1,024 kisha huanza upya, karibu kila miaka 20, na ilijirudia Aprili 2019. Kifaa kinachoonyesha tarehe ya miaka ishirini iliyopita hakijaibiwa wala hakijarogwa. Kinaweza bado kukuonyesha ulipo, lakini saa ya kufika usiiamini.

Nafasi ya nne: navi ya kiwandani kwenye gari jipya

Hapa hakuna mengi. Kama gari jipya linakuja nayo ndani ya bei, sawa. Kama ni nyongeza ya kulipia, muulize muuzaji maswali mawili kwa maandishi: je, Uganda imo kwenye ramani hiyo yenyewe, maana "Afrika" ya watengenezaji wengine inaishia nchi za kusini, na sasisho linapatikanaje, kwa bei gani, kwa miaka mingapi. Kisha fanya jaribio la Jinja. Gari hilo likiwa na Android Auto au CarPlay, ambalo ni jambo la kawaida sasa, hiyo nyongeza ya ramani haina sababu.

Nafasi ya mwisho: "navi" ya Japani

Kwenye karatasi ya mnada utaiona imeandikwa ナビ, na kwenye tovuti za wauzaji imewekewa tiki. Carrozzeria, Strada, Clarion, Eclipse na zile za Toyota zenyewe ni vifaa vya heshima vikiwa Osaka. Ramani yake ni ya Japani pekee, na menyu ni za Kijapani. Ile sauti ya mwanamke inayozungumza kila ukiwasha gari haitoki hata kwenye navi; mara nyingi ni kisoma kadi cha tozo cha ETC kinacholalamika kwamba hakina kadi. Fundi wa umeme anaweza kukichomoa kwa dakika chache.

Redio nayo imekatwa. FM ya Japani kwa miaka mingi iliishia MHz 90, kwa hiyo Sanyu 88.2 na CBS 88.8 zinaingia, lakini Capital 91.3 na Simba 97.3 hazimo. Zile za karibuni zinafika 95, na bado Simba inabaki nje. Kibadilisha masafa, kile kiboksi kinachofungwa kwenye waya wa antena, kinashusha kila kitu kwa kiwango maalumu: kikishusha kwa 14, Capital utaikuta 77.3 na Simba 83.3. Kinafika 104 tu, na sauti inapungua kidogo.

Kama gari lako tayari linayo, usiitupe. Usichomoe ile kadi ya SD ya ramani kwa sababu unaona haina kazi: kwenye modeli nyingi za Toyota, kadi ikitoka, kifaa kizima kinagoma, hata redio, hadi irudi kadi ileile. Vivyo hivyo betri. Baadhi zikikatiwa umeme zinaamka zikidai namba ya kufungulia, kwa hiyo fundi akibadilisha betri, ashike umeme kwa betri ya pili kwanza. Kisha tafuta kwenye menyu alama ya Bluetooth au tundu la AUX, uunganishe simu, na sauti ya Google Maps itatoka kwenye spika za gari huku skrini ya Kijapani ikibaki kukuonyesha kamera ya nyuma. Kwa kazi hiyo ya kamera inafaa kabisa.